Jani Katikati ya Nyuzi

Old Moshi

Mdogo wangu Shedrack,

Nyuzi za migomba ulizoomba nimezikausha darini juu ya meko, maana ukungu umetukalia wiki nzima. Mkishazigandisha kwa gundi na kuzivuta kwenye mashine ya chuo, utuambie kama zinafaa kwa bawa la ndege. Ng'ombe amezaa jike. Kahawa imechanua.

Baba amenisaidia kuzichambua akiwa kitandani. Ndiyo, baba huyohuyo aliyekufukuza kwa kuwa ulikiacha kihamba, shamba letu la urithi, ukafuata masomo ya ndege. Aliuliza zinabeba uzito gani. Nikamwambia hicho ndicho unachokitafuta huko. Akaendelea kuchambua.

Jumanne tulimtoa hospitali ya Mawenzi. Daktari alisema akapumzike nyumbani, wala hakumwandikia dawa nyingine.

Katikati ya nyuzi utakuta jani la isale lililofungwa fundo. Baba alijikokota na mkongojo mpaka mpakani mwa kihamba, akalikata mwenyewe. Hujasahau kwamba anayetuma isale anaomba msamaha, na kwetu halikataliwi.

Hilo usilivute kwenye mashine. Lirudishe kwa mkono wako, wakati bado anatutambua.

Dada yako anayekungoja,
Eunike