Vyumba vya Mbele

Kampala, 4 Machi

Mama mkwe mpendwa,
Shikamoo. Pole tena na msiba. Sisi hatujambo, binti yako Nambooze na wajukuu wanakusalimu. Nami wosia wa mumeo, Mzee Kiyimba, umenishangaza: vyumba vya nyuma vyako, vya mbele vyangu mimi mkwe, na mwanawe Sempala kaambulia baiskeli! Vyangu nitavipangisha, kuna muuza pombe anavitaka. Jumamosi naleta fundi. Tafadhali uende shambani, tusije tukaonana uso kwa uso tukavunja mwiko.
Mkweo, Kalyango

Mityana, 12 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Mimi mzima, miguu tu. Jumamosi nilikuwa mlangoni namenya ndizi, nikasikia mtu anatumbukia mgombani. Sikutazama, adabu ninayo. Fundi wako alicheka mpaka akakaa chini. Kiatu chako nimekitundika kwenye ua kwa fimbo, nisikiguse. Mlango wa nyumba ni huo mmoja.
Mama mkwe wako

Kampala, 2 Aprili

Mama,
Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Naona haikuzuii kukaa mlangoni! Asubuhi unamenya, mchana unasuka mkeka, mvua ikinyesha unajifunika turubai. Mimi ni kinyozi, mama. Nikivunja mwiko mikono ikaanza kutetemeka, nani ataniletea kichwa chake? Muuza pombe amenuna. Unafanya makusudi!
Mkweo

Mityana, 9 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Ndiyo, makusudi. Juzi Sempala alikuja kulalamikia baiskeli. Chai haijapoa, akawa anapima sebule kwa hatua, akaniuliza lini nitahamia kwa dada yangu. Yule hana mwiko nami. Angepewa yeye vyumba, angeingia, akanikumbatia, kisha akatoa kitanda changu nje. Hapo ndipo nikamwelewa mume wangu. Alimtafuta mwanamume asiyeweza kunipita mlangoni, akamwachia yeye. Nimelia, mwanangu, halafu nikacheka peke yangu kama chizi. Sina kwingine kwa kwenda.
Mama mkwe wako

Kampala, 20 Aprili

Mama,
Shikamoo. Tuko salama. Barua yako Nambooze aliisoma, akaninyima chakula. Haikuwa lazima, nilikuwa nimeshalia. Muuza pombe nimemwambia atafute kwingine. Jumapili tunakuja wote. Wewe kaa hapohapo mlangoni, usiinuke. Mimi nitakusalimu kutoka mgombani, kwa sauti. Kiatu nirushie.
Mwanao, Kalyango