Jani Jipya Jikoni

Jumanne, Julai 1974

Nilikosea, nami nakiri. Mmea wa majani mapana wa marehemu mke wangu Wambui, kitu chake cha pekee kilichobaki hai humu nyumbani, niliuweka nje kama kabichi. Baridi ya Nyeri ikaunyausha, likabaki shina tupu.

Jirani yangu Mama Zainabu, mzaliwa wa pwani, alinicheka. "Mwalimu, wewe wavaa koti, mmea wa mkeo waulaza uchi? Upeleke jikoni!"

Nilitii. Nikauweka karibu na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yachemkayo, penye joto na mvuke.

Leo jani jipya limejikunjua, jororo, limejaa matone. Nilivua kofia kama niingiapo kanisani. Nikatamani kumwita Wambui aje...

Githeri ya leo haijaisha. Kesho nitachemsha nyingine, jani lisikose mvuke.