Ukurasa Alioandika Ernestine

Chicago, 3 Machi 1994

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ni baridi tu inayonikunja. Magoti yanaendeleaje?

Ofisini tunakusanya rekodi za besiboli za zile ligi za watu weusi, ambazo hakuna aliyejali kuzitunza. Nimepata gazeti la Agosti 1946 linalosema ulirusha mpira mchezo mzima bila mpinzani hata mmoja kukupiga pigo halali. Wakubwa wanataka ushahidi wa pili ndipo waliingize jina lako. Je, kile kitabu alichokuwa akiandikia michezo marehemu bibi Ernestine bado kipo? Nataka jina lako lisomwe ukiwa hai.

Mjukuu wako,
Odessa

Bessemer, 20 Machi 1994

Mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti yananilalamikia, lakini chakula kinapita.

Kitabu sikijui kiliko. Siku ile bado naiota hata nikisinzia kibarazani. Vumbi jeupe, jua limesimama, na wenzangu wote wamehama benchi, kwa sababu mrushaji ambaye hajapigwa hasemeshwi, ni nuksi. Hata Purvis Tate, tuliyekuwa naye chanda na pete, maji alinisogezea kwa mguu huku akitazama kando. Mkono ulikuwa ukirusha wenyewe, mimi niko mbali nautazama. Andikeni kama gazeti linavyosema.

Babu yako,
Thaddeus

Chicago, 9 Aprili 1994

Babu,

Shikamoo. Natumai u mzima.

Shangazi Leola amekikuta kitabu kwenye sanduku la bibi, akanitumia. Gazeti linasema awamu ya saba mpira ulimponyoka Purvis akiudaka, likaandika kosa lake, kwa hiyo wewe hukuhesabiwa kupigwa. Bibi ameandika pigo halali, na hilo linaifuta rekodi yako. Nimekuwekea kopi ya ukurasa huo. Ofisini hakuna aliyekiona kitabu. Niambie tu, nitakirudisha sandukuni, na rekodi itakuwa yako.

Odessa wako

Bessemer, 22 Mei 1994

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kukaa kimya wiki sita. Mimi mzima, ila nimeona haya.

Nilijua. Siku ileile nilimwambia bibi yako afute. Akanijibu, "Thaddeus, mpira ule hakuna binadamu angeudaka. Nakupenda, ila sifuti." Mwandishi wa gazeti alikuwa shabiki wangu, nami nikanyamaza. Mwaka uliofuata timu haikumchukua Purvis, kisa uzembe. Akaenda kuchoma chuma kiwandani, na mimi nikawa nikimwona mtaani navuka barabara.

Juzi nilipanda basi hadi Birmingham kwa binti yake. Purvis haoni tena. Nilimsomea ukurasa wa Ernestine, nikamwomba radhi. Akawa anafumba na kufumbua mkono wa kushoto, ule aliokuwa akidakia.

"Miaka arobaini na minane," akasema, "najiuliza mkono huu ulikosea wapi."

Kisha akaniomba nisome tena. Nikasoma mara tatu.

Kipeleke kitabu ofisini, mama. Nilipigwa, tena vizuri.

Babu yako,
Thaddeus