Makaroni Yanayoungua Upande Mmoja

Ba Yaya wangu,

Nakuandikia jikoni, hapa nyumbani Ruashi, sufuria iko motoni na mikono yangu inanuka vitunguu. Kwenye simu nimeshindwa. Nikianza tu kukueleza, unacheka: "Aa, weye na woga yako!" Halafu unamwita Papa, mnaongea habari za likizo, mimi nabaki nimeshika kijiko. Basi leo soma mpaka mwisho, dada yangu, bila kunikatiza.

Unakumbuka ulivyotuletea hiki chakula? Ulikuwa bado mwanafunzi kule chuoni Kasapa. Ukaja Jumamosi moja na paketi ya makaroni kwapani, ukatangaza kwamba wasichana wa chumbani kwako wamekufundisha makaroni ya furu. Na furu yenyewe, jiko la kuokea, hatuna! Ukasema haina shida. Ukakaanga vipande vya kuku na vitunguu na pilipili kupita kiasi, ukakoroga maziwa ya unga na unga wa ngano na margarini mpaka mchuzi ukawa mzito, mweupe, unang'ang'ania kijiko. Ukamwaga yote juu ya makaroni, ukanyunyiza jibini, ukafunika. Kisha ukatoa makala mekundu kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, ukayapanga juu ya kifuniko, moto chini, moto juu. Mama, alikuwa bado hai, alipiga kelele akidhani umeshikwa na wazimu.

Papa akaitazama sahani yake weee, mwisho akasema, "Hii haiko chakula, mutoto wangu. Bukari iko wapi?" Akala sahani mbili, machozi ya pilipili yanamtiririka, halafu bado akadai bukari yake, ugali wake wa kila siku. Tulicheka hadi Mama akakimbilia nje. Tangu hapo, jioni za siku za kazi, nikirudi sokoni sina nguvu ya kusonga bukari, ndicho ninachopika. Wewe ulikuwa unasimama nyuma yangu, unanisumbua: "Panga makala muzuri, shi unaunguza upande moya!" Nilikuwa nakasirika kwelikweli. Leo natamani unisimamie hivyo tena, unigombeze mpaka uchoke.

Maana makaroni yameanza tena kuungua upande mmoja, Yaya. Nilidhani ni makala. Nikayapanga upya, vizuri, jinsi ulivyotaka. Mchuzi wote ukakusanyika upande wa ukuta wa nyuma, na upande wa mlango makaroni yakabaki makavu, yakaungua. Nikadhani mguu wa mbabula umepinda, nikaigeuza. Mchuzi ukarudi kulekule. Mwisho nikaiweka sufuria chini, kwenye sakafu, nikafungua kifuniko nikatazama. Mchuzi ukasogea polepole, ukaegemea upande wa ukuta. Sakafu yetu inashuka.

Jirani wa nyuma, yule aliyehamia wewe ukiwa umeshaolewa, amefunika lupango lake, kiwanja kizima, kwa turubai. Nilikwenda kumuuliza anafanya nini humo ndani. Akanijibu kwa upole kabisa, "Tunachimba tu kisima ya mayi, mama." Kisima gani! Mpaka leo watoto wake wanakuja na bidoni zao kuteka maji kwenye bomba letu, na kila alfajiri pikipiki zinatoka kwake zimelemewa na mifuko. Hapa Ruashi nani asiyejua kilicho ndani ya mifuko ya namna hiyo? Wanafuata kobalti, na kobalti imewaleta chini ya nyumba yetu. Nilimleta shefu wa mtaa. Alikunywa bia kwa jirani, akarudi akaniambia niache fitina.

Jioni, kabla sijafunika sufuria, naona uso wa mchuzi unatetemeka. Nikilaza sikio sakafuni nasikia ko, ko, ko, kisha kimya. Juzi nilisikia na mtu akikohoa. Mtu, Yaya, chini ya jiko letu! Nikamaliza kupika, nikapakua, tukala, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Papa hasikii kitu. Mashine za mgodini zilimmaliza masikio, unajua. Nimemshika mkono nikambandika kiganja sakafuni, anasema ni malori yanayopita barabarani. Ufa wa chumba cha nyuma anaujaza simenti, ukifunguka anaujaza tena, huku anapiga mluzi. "Mimi njo nilijenga hii nyumba," anasema. "Itaanguka namna gani?" Nimelia mbele yake. Nimefunga mizigo yetu, akaifungua. Siku moja nilimpigia kelele kwamba atatuua. Akanipapasa kichwa, akauliza kama pilipili imekwisha. Nina hasira naye, na ninampenda, na siwezi kumwacha peke yake humu.

Sasa jambo lenyewe. Usikuje, Yaya. Najua batoto wako wanaringia wenzao kwamba wanakwenda kwa babu. Mimi mwenyewe nimewatamani hadi naumwa. Lakini usiwalete. Likasi si mbali, muite Papa kwako. Mwambie unaumwa, mwambie bwana yako amesafiri, mwambie batoto wanamlilia, danganya upendavyo, nitakusaidia kuomba msamaha baadaye. Mimi nikiongea hanisikii, lakini wewe ukipiga simu anaibandika kwenye sikio la kulia na neno hata moja halimpiti. Ndiyo hivyo, mtoto wa kwanza, sina wivu. Akipanda basi tu, mimi nami natoka siku hiyohiyo, hata sufuria sibebi.

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, akukabidhi mkononi. Ukimaliza kuisoma piga simu palepale, usingoje bwana yako arudi kutoka kazini mkashauriane. Chumba cha nyuma, kile chenye ufa, Papa amekipaka rangi ya buluu kwa ajili ya wajukuu wake. Anasema chumba kisicholalwa kina baridi, batoto watashikwa na mafua. Kwa hiyo tangu jana amehamishia kitanda chake humo, analala yeye kwanza, ili wakute kumeshapata joto.

Mdogo wako, nimeshika simu mkononi.