Gari Nyekundu ya Viti Viwili

Elyse, nimejificha chooni kwa wakwe huku Ryansoro.

Leo tumekuja kumposea kaka yangu Kastori. Baba katoka Muyinga na ile Noah yetu kuukuu, kapakia wazee saba na mitungi ya pombe ya mtama. Kastori kaja peke yake na gari nyekundu ya kuazima, viti viwili, imelala chini kama mjusi.

Baba mkwe akamuuliza, yule mzee wa Noah ni nani?

"Ni dereva."

DEREVA, Elyse! Baba aliyemsomesha kwa kubeba abiria na Noah hiyohiyo! Na hata hakumeza mate. "Ni dereva."

Baba alisikia. Akaenda kukaa nje juu ya jiwe.

Sasa hivi wakwe wamesema hawaanzi mpaka baba wa kijana aongee. Kastori kakimbia nje, jasho linamtoka: "Baba, njoo, wanakungoja." Sasa ndiyo Baba! Mshenzi kabisa.

Mzee hata hakuinuka. Akajibu, wote tukasikia:

"Mi ni dereva tu, bwana. Baba yako alikosa kiti kwenye gari yako."