Ujumbe Uliosemekana Umefika

Kabeza, Kigali
Jumapili

Dada yangu Winifred,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Karagwe, na kwamba shemeji na watoto wameshapona yale mafua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unachemka, na nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ningeishia kukufokea.

Dada, umemtumia Mama Mdogo Illuminée maneno makali. Umemwita mzembe, eti alipimwa uvimbe wa titi akakaa Gisozi miezi miwili bila kufuatilia majibu. Alinionyesha simu huku analia. Tafadhali, koma kabisa! Kliniki ilimwambia asubiri ujumbe, naye akasubiri, simu akilala nayo chini ya mto. Ujumbe haukufika.

Mfumo unaotuma ujumbe huo tumeutengeneza sisi, ofisini kwetu. Mfumo ukishaandika kwamba majibu yako tayari, kampuni nyingine ndiyo inayoufikisha ujumbe kwenye simu. Januari kampuni hiyo ilibadilisha utaratibu. Tangu hapo inajibu kwanza "tumepokea", kisha baadaye inazikataa namba zisizoanza na tarakimu za nchi. Mfumo wetu ukisikia tu "tumepokea" unaandika "umefika", basi, hauulizi tena. Wagonjwa arobaini na mmoja waliandikiwa hivyo bila kupata hata neno moja.

Nilimpelekea bosi wetu, Mutabazi, orodha yao. Unajua alisema nini? Kwamba wagonjwa wa siku hizi hawasomi ujumbe. Nilipombana, akasema basi kosa ni la Raïssa, aliyeandika sehemu ya kutuma. Raïssa akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Alikusanya vitu vyake mbele yetu, na sisi sote tukainamia kompyuta zetu. Nilikasirika, lakini sikufungua mdomo.

Sasa nikuambie kwa nini sikuufungua. Raïssa aliandika, lakini aliyejaribu kazi yake ni mimi. Majaribio yetu hujiendesha yenyewe kila tunapobadilisha kitu. Hayakuwa yakiwasiliana na kampuni ya kweli, bali na kampuni ya bandia, yaani programu inayojifanya ndiyo kampuni, niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Niliifundisha jibu moja tu: umefika. Haikukataa, haikuchelewa, haikunyamaza hata siku moja. Majaribio yote yalikuwa ya kijani, yaani yamefaulu, nikasifiwa, nikavimba kichwa. Raïssa aliwahi kuniuliza, "Phiona, je, hawa wakikataa?" Nikamjibu hawajawahi kukataa.

Ijumaa nilisimama kikaoni nikayasema haya yote. Mutabazi aliniamuru nikae. Sikukaa. Nikamwambia kama anatafuta mtu wa kufukuza, ndiye huyu amesimama.

Hajanifukuza, ila hanisalimii. Bandia yangu nimeitengeneza upya. Sasa inakataa, inachelewa, na wakati mwingine inanyamaza kabisa. Siku ya kwanza tu majaribio tisa yalianguka, tisa, dada, na yote tulikuwa tumeyaamini! Tena kila asubuhi tunatuma ujumbe halisi kupitia kampuni yenyewe hadi kwenye simu iliyo mezani kwangu, na isipolia hakuna anayeruhusiwa kusema mambo ni mazuri. Raïssa ameitwa arudi. Hajajibu, na simu zangu hapokei. Simlaumu.

Mama Mdogo atapasuliwa Jumatano. Daktari anasema uvimbe umekua, ila anaona bado wamewahi. Jana nilimweleza kosa langu nikiwa nimepiga magoti. Akauliza, "Na wale arobaini wengine, mwanangu, mmeshawaambia?" Nikamjibu tunawapigia mmoja mmoja, tumewapata thelathini na watatu. Akasema niinuke pale nilipopiga magoti nikawatafute saba waliobaki.

Wasalimie shemeji, watoto na majirani wote wanaoniulizia. Mpigie Mama Mdogo kabla ya Jumatano umwombe radhi, na usinitetee kwake.

Mdogo wako akupendaye,
Phiona