Nilisema Alifunga Breki

Mama Sifa,

Kesi yako imekwisha. Kabla hujasikia kwa wengine, sikia kwangu: ni mimi niliyesema yule dereva alifunga breki.

Cherehani yako naitumia mimi sasa, hapahapa Joubert Park. Wateja bado wanaingia wakikuulizia, kisha wanakumbuka na kuona haya. Miaka minne uliyonifundisha sikuona fundi mwenye kichwa kigumu kama wewe. Unamkumbuka bi harusi wa Bukavu? Tulikata kitambaa cha mgongo kinyume, maua yakaangalia chini. Yeye alijitazama mbele tu, akafurahi. Ukamgeuza kwenye kioo kabla hajatoka. "Kosa iko yetu, mama. Angalia." Nilikasirika, maana tulishona upya siku mbili nzima, nawe ukawa unaimba!

Jumapili ile kule Kensington tulikuwa tunapeleka sare za kwaya. Robot, zile taa za barabarani, ilituruhusu kuvuka. Ulitangulia na nguo mkononi, mimi nikabaki nyuma nikifunga kiatu. Nikasikia matairi yakilia, halafu ile gari ikakugonga. Dereva alishuka akinuka pombe, anayumba, analia.

Kwenye matanga dada yako, Mama Esta, alinishika mkono. Mwendesha mashtaka alikuwa amemweleza kwamba shtaka ni la mauaji, na shahidi ni mimi peke yangu. "Useme hakufunga breki," akaniambia. "Useme alimuona, akakanyaga mafuta."

Hakimu alikaa na wasaidizi wake wawili. Alieleza taratibu, kila mtu akaelewa: dereva akiona kwamba anaweza kuua na akaendelea bila kujali, hayo ni mauaji. Akiua kwa uzembe, bila kukubali moyoni kwamba mtu afe, kosa ni dogo zaidi, kuua bila kukusudia. Ulevi peke yake hautoshi kufanya kosa liwe mauaji.

Wakili wa dereva akaniuliza kama nilisikia breki. Mama, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nilimchukia yule mtu, na bado namchukia. Lakini nilikuona wewe, umesimama nyuma ya yule bi harusi, umemshika mabega. Nikasema ndiyo, alifunga, ila alichelewa.

Wakamtia hatiani kwa kosa dogo. Amefungwa, lakini si miaka ambayo Mama Esta aliitaka. Nje ya mahakama aliniambia, "Umemuuza dada yangu." Tangu siku hiyo haitikii salamu yangu.

Sijui kama nawe umekasirika. Nadhani ungenigombeza kwanza kwa sare za kwaya, maana nilizishona upya nikachelewa mwezi mzima. Zimewakaa vizuri lakini. Mishono ni ile uliyonifundisha, na nikiwaona wamezivaa najivunia kuwa mwanafunzi wako.

Nimekukosa, Mama. Nimekukosa sana.

Lala kwa amani. Jumapili nitabisha tena kwa Mama Esta. Sitamwomba msamaha kwa nilichosema. Nitakaa naye tu. Akinifukuza, nitarudi Jumapili inayofuata, na nyingine. Katika nchi hii ya ugenini ndugu yake ulikuwa wewe peke yako, na siku atakapotaka kujua ulikuwaje dakika ile ya mwisho, mtu wa kumwambia ni mimi tu, na atajua kwamba simdanganyi.

Neema wako